Nani Iko Nayo?

Daftari za wakusanyaji wa bede mjini Bukavu, na namna ya kujua umri wa kitabu kisicho na tarehe

Kaye ya mjomba wangu ilianza kama daftari lolote la shule: kurasa mia mbili za miraba, jalada gumu, na nyuma yake jedwali la kuzidisha. Siku hizi imevikwa nailoni mara mbili, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na inalala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pale ambapo nyumba nyingine za Kadutu, hapa Bukavu, huficha hati ya kiwanja. Ukiifungua hukuti hesabu ya maharagwe wala madeni ya duka. Unakuta bede. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula, safu tisa, na kila mstari ni kitabu kimoja: namba, jina, mchoraji, mahali kilipochapwa, mwaka, hali, kimetoka wapi, kiko kwa nani, na mwisho wake. Safu ya nane ndiyo pana kuliko zote. Juu yake ameandika kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili cha hapa kwetu na si cha shuleni: NANI IKO NAYO.

Bede ni zile herufi mbili za Kifaransa, BD, ambazo Bukavu imezitamka haraka hadi zikawa neno moja. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi angesema kitabu cha katuni. Hapa ukisema katuni, mtoto atageuka kutafuta televisheni.

Jina la mjomba silitaji, wala si kwa ajili ya adabu tu. Alikubali niandike kwa sharti: nisiseme nyumba, nisiseme avenue, nisiseme idadi ya vitabu. Katika mji ulioporwa mara nyingi kama huu wetu, orodha ya mali ni barua ya mwaliko kwa mwizi. Nilimwambia sijawahi kusikia mwizi aliyekimbia na Lucky Luke. Alinitazama kwa huruma, akaifungua kaye kwenye kurasa za 1998, akanionyesha kwa kidole.

Nilidhani kuorodhesha bede ni kazi ya karani: unanakili jina, unanakili mwaka, unafunga. Kwa albamu za Ulaya ni karibu hivyo. Wachapaji kama Casterman na Dupuis huandika mwaka wa haki ya mtungaji, na mara nyingi mwezi kitabu kilipowekwa rasmi katika maktaba ya taifa. Lakini sehemu kubwa ya kaye hii ni vitabu vya Kongo yenyewe, vilivyochapwa Kinshasa, Lubumbashi au kwenye mashine ya misheni, na vingi havina tarehe popote. Mchapaji alikuwa na haraka, au aliona kwamba tarehe itakizeesha kitabu kabla hakijamalizika kuuzwa. Basi mkusanyaji wa Kongo, atake asitake, anageuka mpelelezi.

Kitu cha kwanza mjomba anachotazama ni bei. Jalada likisema makuta au zaire, kitabu kimezaliwa baada ya Juni 1967, Mobutu alipoiondoa faranga na kuleta zaire, moja kwa faranga 1,000. Bei ikiwa makuta machache, tuko miaka ya mwanzo. Ikiwa makumi au mamia ya zaire, ni miaka ya 1980. Ikiwa mamilioni, hapana haja ya kukuna kichwa: ni mwanzo wa miaka ya 1990, wakati noti ilichapwa asubuhi na kufa jioni. Herufi NZ, yaani zaire mpya, zinakuweka kati ya Oktoba 1993 na Juni 1998. Zaire mpya moja ilimeza milioni tatu za zamani. Halafu faranga ikarudi. Mfumuko wa bei uliokula mishahara ya wazazi wetu umetuachia faida hii moja, na mjomba, aliyefundisha miaka mingi kwa mshahara usiofika, anaitumia bila aibu. Hakuna kalenda iliyo sahihi kama bei ya gazeti la watoto la Zaire.

Kisha anatazama majina. Mwaka 1972 serikali ilipiga marufuku majina ya ubatizo, kila Denis na Albert akatakiwa kubaki na jina la mababu. Mchoraji aliyetia saini Kizungu katika kitabu kimoja anatokea katika kingine kwa jina la ukoo peke yake, na hapo mstari wa wakati unachoreka wenyewe. Hata magazeti yalibatizwa upya. Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Achille Ngoie na Freddy Mulongo, likageuzwa Kake, maana yake radi kwa Kilingala. Ukishika toleo lenye jina la Kifaransa na jirani yako ana lenye jina la Kilingala, mnajua nani ana kaka na nani ana mdogo. Ngoie mwenyewe aliishia Ufaransa, na mwaka 1996 riwaya yake ya kipelelezi Agence Black Bafoussa ikatoka katika mfululizo wa Série Noire wa Gallimard. Mjomba anayo. Haimo katika kaye, kwa sababu haina picha.

Tatu, anwani. Léopoldville ilikufa 1966. Kivu moja iligawanywa kuwa mikoa mitatu mwaka 1988, kwa hiyo muhuri wa duka au wa shule unaosema Kivu bila Kaskazini wala Kusini ni wa kabla ya hapo, ingawa mihuri ya mpira huishi kuliko mikoa na lazima uitumie kwa tahadhari. Kuna kitabu kimoja tu chenye muhuri wa Costermansville, jina la mji huu chini ya Wabelgiji hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hicho hakiazimwi.

Tintin au Congo imechukua mistari mitatu, na hapa mjomba anaweza kukaa mpaka chai ipoe. Hadithi ilianza Juni 1930 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, ikawa kitabu mwaka 1931, nyeusi na nyeupe, kurasa zaidi ya mia. Mwaka 1946 mtungaji wake, Hergé, aliichora upya kwa rangi, kurasa 62. Hakuwahi kukanyaga Kongo, wala mara ya kwanza wala ya pili. Wakusanyaji wa Ulaya huijua chapa kwa kutazama jalada la nyuma: Casterman iliorodhesha hapo albamu zilizokwisha kutoka, kwa hiyo orodha ilirefuka kadiri miaka ilivyopita, na jina la mwisho kwenye orodha linakuambia kitabu ni cha lini. Wameipa kila orodha herufi na namba yake, kama madaktari wanavyoipa damu makundi. Ni njia nzuri sana, ila inadai kitabu kiwe na jalada la nyuma. Moja ya nakala za mjomba, jalada lake la nyuma lilikatwa zamani kutengeneza bao la ludo.

Kinachobaki ni darasa. Katika chapa ya zamani, Tintin anasimama mbele ya watoto weusi na kuwafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Katika ile ya rangi ameacha jiografia, anafundisha kujumlisha. Basi fungua ukurasa wa shule, na kama mwalimu anauliza mbili na mbili ni ngapi, shusha pumzi, una kitabu cha 1946 au cha baadaye, kama karibu kila mtu mwingine. Zote tatu za mjomba zinauliza mbili na mbili.

Mwaka 2007 Mkongo aliyeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels akitaka kitabu hicho kizuiwe kwa ubaguzi wake. Februari 2012 mahakama ikamkatalia. Habari hiyo ilijadiliwa hapa pia, na maoni yakagawanyika kwa namna ambayo mgeni haitarajii, kwa kuwa mafundi wa Kongo hawajaacha kuchonga Tintin wa mti na kumuuzia Mzungu yule yule. Mjomba hakupiga kelele upande wowote. Katika safu ya hali, ambapo angeandika tu kama kitabu ni kizima au kimechanika, ameandika: Nzima. Midomo si yetu.

Safu hiyo ya hali inastahili neno zaidi. Wamarekani ndio walioligeuza jambo hili kuwa elimu. Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit, alianza miaka ya 1960 kutoa faharasa za magazeti ya mashujaa, toleo kwa toleo. Mwaka 1970 Robert Overstreet akachapisha mwongozo wa bei ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na Wafaransa wakapata wao, BDM, mwaka 1979. Kipimo cha hali sasa kinafika 10, na tangu mwaka 2000 kuna kampuni, CGC, inayolipwa kukipima kitabu na kukifungia ndani ya plastiki ngumu. Ndani ya plastiki hiyo hakisomeki tena. Aprili 2024 nakala ya Action Comics namba 1, ya 1938, alimozaliwa Superman, iliuzwa dola milioni sita. Kuna jambo moja katika kipimo cha Wamarekani lililomfurahisha mjomba nilipomweleza: daraja lao liitwalo “nzuri” ni alama 2 kati ya 10, kitabu kilichochakaa kabisa. Aliona kwamba hatimaye watu wa Marekani na wa Kadutu wanaelewana.

Madaraja yake mwenyewe ni matano. Nzima. Ya kusoma. Imelegea, ambayo ni kitabu ambacho uzi wa mgongo umeanza kuachia. Mgonjwa, ambacho kinapungukiwa kurasa lakini hadithi bado inaeleweka. Na mifupa, kurasa za ndani bila jalada, bila mwanzo, mara nyingine bila mwisho. Mifupa haiazimwi kwa mtoto chini ya miaka kumi kwa sababu atarudi akilia kuuliza kilichotokea. Sioni ni kwa vipi kipimo cha alama kumi kingesema zaidi ya hapo. Kile cha Marekani kinauliza kitabu kiko mbali kiasi gani na siku kilipotoka kiwandani. Cha mjomba kinauliza bado kinaweza kufanya kazi gani.

Matengenezo pia yana mstari wake mdogo. Gundi ya unga wa muhogo haitumii tena, mende wanaipenda mno. Utepe wa kunata haugusi, kwa sababu baada ya miaka michache unageuka kahawia na kula wino. Anashona kwa uzi wa nailoni wa wavuvi wa ziwani, na namba ya kitabu anaiandika ndani kwa penseli, kamwe si kwa bic: bic inapita upande wa pili wa karatasi na kumchora mtu usoni. Bukavu imekaa juu, karibu mita 1,500, na toka Septemba hadi Mei mvua haitoki mlangoni. Ukungu unakula zaidi ya panya. Mara mbili kwa mwaka, siku ya jua kali, bede zote hutolewa nje na kutandazwa juu ya mikeka uani, zikipepea kama samaki sambaza wanaokaushwa, na watoto wa jirani hulipwa kwa kusoma ili wazilinde dhidi ya kuku.

Ukiisoma safu ya saba, kimetoka wapi, unaisoma historia ya mji kwa mlango wa nyuma. Albamu za Ubelgiji ziliachwa na waliofunga mizigo 1960, kisha na waliofunga mizigo 1967, Bukavu ilipokaliwa na mamluki wa Schramme. Nyingine zilitoka kwa mapadre. Kuna vipande vya Nos Images, gazeti la serikali ya kikoloni ambamo familia ya Mbumbulu ilionyeshwa kila mara ikijifunza namna bora ya kula, kulala na kutunza pesa. Visa mia moja vya familia hiyo vilikusanywa 1956, na hakuna mtoto wa leo anayevimaliza bila kusinzia. Kuna mchoraji Mongo Sisé, aliyemleta mhusika wake Bingo wa kijijini mpaka mjini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna maisha ya watakatifu kutoka kwa wachapaji wa Saint Paul. Kuna Kouakou, gazeti dogo la ushirikiano wa Ufaransa, lililogawiwa bure kwa wanafunzi wa Afrika.

Neno hilo, bure, lilimgharimu. Baada ya vita vya 1996 na 1998, mashirika ya misaada yalijaza mji bede za aina nyingine: kipindupindu, uchaguzi, mabomu yaliyozikwa, haki za wanawake, kunawa mikono. Zimeandikwa Kifaransa na Kiswahili, karatasi yake inang’aa, na nyuma yake pana nembo nyingi kuliko wahusika. Mjomba alizidharau. Hazikuwa hadithi, zilikuwa mahubiri yenye rangi, na zilikuwa kila mahali, sokoni wakifungia karanga. Miaka kumi baadaye alipotaka kuziandika, hakuzipata. Kitu kinachouzwa mtu hukitunza kwa sababu alilipa. Kinachogawiwa bure hupotea hadi cha mwisho. Wenzetu wa Kenya wanaotafuta matoleo ya kwanza ya Shujaaz ya 2010, yaliyotoka ndani ya gazeti bila malipo, wanaijua shida hiyo, na nadhani hata Watanzania wenye magazeti ya Sani ya wazee wao wanajua ni maandazi mangapi yalifungwa kwa kurasa za Ndumilakuwili. Sasa mjomba akiona bede ya kipindupindu anaiinamia kama aliyeona dhahabu ya Kamituga.

Mimi ni mtu wa kizazi cha simu, kwa hiyo nilijaribu kumtoa katika kaye. Ziko programu za kuorodhesha bede. Wafaransa wana hazina yao kubwa ya Bedetheque, na tangu 1994 watu wa kujitolea duniani kote wanaijenga Grand Comics Database, toleo moja baada ya jingine, bila mshahara. Niliketi naye Jumamosi nzima. Programu niliyokuwa nayo ilitaka kwanza niielekeze kamera kwenye msimbopau, ile mistari myeusi ya nyuma. Vitabu vya Kinshasa vya miaka ya 1970 havina mistari hiyo, na hata albamu za Ulaya za wakati huo hazina. Ikaniambia niandike kwa mkono. Mwaka ulikuwa wa lazima, haikukubali kuachwa wazi, wala haikuwa na nafasi ya kuandika “baada ya zaire, kabla ya NZ”. Mahali pa kuandika bei palikuwapo, kwa euro. Mahali pa kuandika kwamba kitabu hiki aliletewa na mama mmoja wa Bagira badala ya deni la sabuni, hapakuwapo. Tuliingiza vitabu arobaini na kitu. Wiki mbili baadaye simu yangu ilinyakuliwa karibu na Place de l’Indépendance, na orodha ikaenda nayo. Mjomba hakusema neno. Aliniandikia mstari katika kaye, kwenye kurasa za waazimaji, na safu ya mwisho akaweka I, iliyoibwa.

Hizo herufi za safu ya tisa nilikuwa nimezipita bila kuzielewa. I ni kuibwa. M ni moto. Kadutu nyumba zimeshikana na moto haubishi hodi. T ni tetemeko la Februari 2008, ukuta ulipolala juu ya rafu na mvua ikamalizia. V ni vita, na V ina mwaka wake: V 96, V 98, V 04, V 25. Kuna N tatu ambazo nilidhani ni namna ya kuandika “sijui”. Ni ndoa. Binti aliolewa, akaenda Uvira na kitabu ndani ya sanduku.

Hakuna hata mstari mmoja uliofutwa. Hili ndilo jambo ninalolitetea kuliko yote katika kaye hii, na nimebishana nalo na wakusanyaji wawili wengine wa hapa, ambao kila kitabu kinapopotea hupiga mstari juu yake na kumpa mgeni namba ile ile. Namba iliyokufa haipewi mwingine. Maktaba zote zinazojiheshimu hufanya hivyo. Ukirithisha namba, utakutana siku moja na kitabu kilichorudi, penseli yake ikisema 212, na 212 ameshakalia mwingine. Hayo ni ya kikarani. Lakini pia mjomba, jioni umeme ukikatika, huisoma kaye kwa sauti kwa wapwa wake, pamoja na vitabu visivyokuwapo, na kwa vile visivyokuwapo ndipo anapoeleza hadithi yenyewe, kwa kirefu, mchoro kwa mchoro. Vilivyopo anasema tu: kisomeni wenyewe.

Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, vitabu vilibaki. Kaye iliondoka. Ilivuka mto Ruzizi ndani ya kikapu, chini ya ndizi, kwenda kwa dada yake Kamembe, Rwanda, ambako hulala nakala yake ya pili. Kila Desemba huinakili yote kwa mkono, mwezi mzima, akilalamika. Nilimuuliza kwa nini hakuokoa zile nzuri kwanza, ile ya Costermansville angalau. Jibu lake lilikuwa kwamba kikapu kimoja kingebeba bede thelathini au kingebeba zote.

Wapo wanaofikiri kwamba kazi hii ingefanywa vizuri zaidi na taasisi, na kwa sehemu wanasema kweli. Christophe Cassiau-Haurie, mkutubi Mfaransa, alichapisha historia ya bede ya Kongo mwaka 2010, na kwa majina na miaka hakuna aliyemfikia; mjomba ana kurasa zake kwa fotokopi na amesahihisha nazo tarehe nyingi. Mwaka 2021 huko Angoulême, mji wa bede wa Ufaransa, yalifunguliwa maonyesho ya wachoraji wa Afrika, yakapewa jina la Kiswahili: Kubuni. Papa Mfumu’Eto alikuwa akichora, kuchapa na kuuza mwenyewe vijitabu vyake vya Kilingala Kinshasa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na kile cha joka lililommeza mwanamke kikapita mikono kama noti; karatasi zake sasa ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Huko hakuna mende na hakuna V. Nafurahi, na bado naona uchungu kidogo. Mjomba ana vijitabu vitatu vya Mfumu’Eto alivyopewa na askari aliyehamishwa kutoka Kinshasa, viwili mifupa. Katika safu ya nane, karibu na jina, ameandika kwa penseli: zingine, Florida. Kwake Florida ni mwazimaji kama waazimaji wengine, ila anakaa mbali.

Kuna safu ya kumi siku hizi, nyembamba, ameichomeka pembeni kwa rula mwaka 2018. Inasema: BUKAVU IMO? Septemba ya mwaka huo wachapaji Le Lombard walitoa albamu iitwayo Kivu, imeandikwa na Jean Van Hamme, mwandishi wa Thorgal na XIII, na kuchorwa na Christophe Simon. Ndani yake mna hospitali ya Panzi, mna daktari Mukwege kwa jina na sura yake, na wiki chache baadaye Kamati ya Nobel ikamtangaza yeye na Nadia Murad kuwa washindi wa tuzo ya amani. Mpwa mwingine aliileta kutoka Brussels ndani ya begi la mkononi. Mjomba aliisoma siku tatu, akivilinganisha vilima vya karatasi na vilima vya dirishani. Kabla ya hapo alikuwa na Madame Livingstone ya Barly Baruti na Cassiau-Haurie, ya 2014, iliyokaribia: ni vita vya kwanza vya dunia kwenye Tanganyika, ziwa la kusini kwetu. Baruti ni mtoto wa Kisangani, na mjomba alimpa alama kwa kujua namna Mkongo anavyosimama akichoka. Lakini safu ya kumi inataka Bukavu, na hadi sasa alama za ndiyo humo ni za damu na za mashirika. Anasubiri bede ambayo mtoto anapanda ngazi za Kadutu na bidoni la maji kichwani, hakuna anayemuokoa, na anachelewa shule.

Bidoni, kwa njia, ndiyo ada ya kuazima. Moja kwa kitabu kimoja, limwagwe kwenye pipa nyuma ya jiko, kabla ya jina kuandikwa. Mwezi uliopita nilimkuta akiandikisha. Alikuja kijana wa miaka ishirini na kitu, hana bidoni, ana mfuko. Jambo, baba. Jambo sana. Akasema baba yake, aliyehamia Goma zamani, alimwambia arudishe kitu alichokiazima hapa akiwa mwanafunzi. Akatoa Spirou, imelegea lakini ya kusoma.

Mjomba alivaa miwani, akaitoa kaye ya kwanza, ile ya kabla ya vita, akapitisha kidole mpaka akalipata jina la mwazimaji: ndiyo, Spirou moja, 1995, haikurudi. Akakifungua kitabu kutafuta namba ya penseli. Haikuwapo. Ilikuwapo mihuri miwili ya maktaba ya parokia fulani, wa pili umefutika nusu, na jina la mtoto mwingine kabisa kwa bic ya kijani. Ilikuwa hadithi nyingine, chapa nyingine. Kijana alianza kuomba radhi kwa niaba ya mzee wake.

Mjomba alimpa kigoda. Ile ya 1995 akaiacha ilivyo, safu ya nane bado ina jina la baba. Kisha akafungua kaye mpya, akapiga mstari, akaandika namba, jina, hali. Kwenye kimetoka wapi akaandika: Goma, kwa makosa. Alipofika safu ya nane alisita, akailamba penseli, akaandika: Sisi. Ni ya parokia. Tunatafuta mwenyewe.